Fahamu: Mhandisi wa mazingira hufanya kazi gani?

Mvua kubwa zinaponyesha Dar es Salaam, mara nyingi Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa. Mhandisi wa mazingira anahitajika kabla mawingu hayajatanda.

Anafanya nini?
Hupima mwendo wa maji ya Mto Msimbazi unaopita Jangwani, pamoja na mchanga na taka yanazobeba. Kisha husanifu mifereji, mabwawa ya kusafisha majitaka na madampo yasiyovujisha sumu ardhini.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira husimamia mapitio ya tathmini hiyo.

Inakuhusuje?
Kipindupindu huenea kinyesi kinapoingia kwenye maji ya kunywa, kama wakati wa mafuriko. Mfereji uliosanifiwa vizuri huokoa maisha. Tumsikilize mhandisi kabla ya kumwaga zege.