Naveen Patnaik: Miaka 24 ya kuitawala Odisha

Alipoingia kwenye siasa mwaka 1997, baada ya kifo cha baba yake Biju, Naveen Patnaik hakukijua vizuri Kiodia, lugha ya jimbo lake. Hotuba alizisoma zikiwa zimeandikwa kwa herufi za Kilatini. Wapiga kura hawakujali: mwaka 2000 akawa Waziri Kiongozi wa Odisha, mashariki mwa India, akashinda chaguzi tano mfululizo.

Vimbunga ndivyo vilivyomjengea jina. Kile cha 1999 kiliua watu karibu 10,000. Kimbunga Fani kilipopiga mwaka 2019, serikali yake ilihamisha zaidi ya watu milioni moja, na waliokufa walikuwa makumi tu. Mchele wa serikali wa rupia moja kwa kilo nao ulimbeba, tusidanganyane.

Juni 2024 aling'olewa na chama cha BJP, washirika wake wa zamani. Kampeni yao ilimshambulia kwenye suala la uenyeji: aliyekuwa msaidizi wake mkuu, V. K. Pandian, ni mzaliwa wa Tamil Nadu.