Butembo: Ampuli ndogo ya tablo yazimika, dereva aambiwa anunue tablo nzima

Giza likiingia mjini Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, dereva mmoja wa teksi anayebeba watu kati ya komine ya Kimemi na ile ya Bulengera hushika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine humulika tablo ya Toyota yake kwa taa ya telefone. Anatafuta mshale wa mafuta. Akishauona, anazima telefone, anaiweka mapajani na kuendelea kushuka kilima gizani. Abiria wake wameshazoea. Wengine humsaidia hata kumulika.

Taa za nyuma ya tablo hiyo zilianza kufifia upande wa kushoto, halafu upande wa kuume, mpaka zote zikazimika. Dereva alienda duka la kwanza la vipuri, la pili, la tatu, na jibu lilikuwa lile lile: ampuli hiyo haiuzwi peke yake. Anunue tablo nzima, ya okazioni, iliyotolewa katika gari iliyovunjwa huko Kampala. Bei aliyoambiwa ni ya kazi ya siku nyingi barabarani. Basi akarudia telefone yake.

Wenye duka hawakumdanganya kabisa. Katika vitabu vya vipuri vya viwanda vya magari, sehemu nyingi za ndani zina nambari moja tu kwa chombo kizima: tablo yote, kifungo chote cha taa za hatari, kidude chote cha kupanga hewa baridi na moto. Ampuli iliyo ndani haina nambari yake. Huko Japani na Ulaya hesabu hiyo inaeleweka, kwa sababu saa moja ya fundi ni ghali kuliko kipande kingi cha plastiki. Ni afadhali kutoa chombo chote na kuweka kingine. Huku kwetu hesabu imegeuka kichwa chini. Fundi yupo, muda anao, na kipande ndicho kinachosafiri kutoka Dubai au kupitia Mombasa na Kampala mpaka mpaka wa Kasindi, kila mtu njiani akiongeza chake.

Lakini kukosa nambari kwenye kitabu si kukosa sokoni. Mafundi wa umeme wa magari wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kama Corolla zinazojaa katika barabara zetu, ampuli za tablo zimekaa kwa nyuma, kila moja katika kikalio chake kidogo cha plastiki kinachozungushwa robo mzunguko na kutoka. Ndani ya kikalio kuna ampuli ya kioo isiyo na kichwa cha chuma, yenye nyaya mbili nyembamba zilizokunjwa chini yake. Mara nyingi ni ile inayoitwa T5, ambayo nguvu yake ya kawaida ni wati 1.2 kwa volti 12. Hiyo inauzwa, tena kwa bei isiyoumiza mfuko. Mteja akiingia dukani akisema anataka “ampuli ya tablo ya Corolla”, ataambiwa haipo. Akiingia na ile iliyoungua mkononi na kuomba T5, mara nyingi atapewa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kuchukua dada yake mkubwa, T10, ile ya wati 5 inayotumika katika taa ndogo za nje na taa ya nambari. Kwa macho zinafanana, na kuna wanaoilazimisha iingie ili tablo iwake sana. Itawaka kweli, lakini joto lake ni la wati 5 mahali palipotengenezwa kwa wati 1.2. Plastiki inalainika, na ile karatasi nyembamba yenye njia za umeme iliyolala mgongoni mwa tablo inababuka. Hapo sasa tablo nzima inahitajika kweli.

Kosa lingine linaletwa na malori. Fuso nyingi zinazobeba mizigo katika barabara zetu zinatumia volti 24, na katika maduka ampuli zao zinalala ndani ya sanduku moja na za volti 12. Ya volti 24 ikiwekwa katika gari ndogo inawaka kama mshumaa unaokufa, na dereva anadhani nyaya zake zimechoka. Ya volti 12 ikiwekwa katika lori inaungua mara moja. Maandishi yapo kwenye kioo, ila ni madogo sana. Wazee wa kazi hii hutumia kioo cha kukuzia, vijana hupiga picha kwa telefone na kuivuta.

Vifungo ni kazi ya subira zaidi. Ndani ya kifungo cha taa za hatari au cha kushusha vioo kuna ampuli ndogo kama punje ya mchele, yenye nyaya mbili kama nywele zilizochomelewa kwa bati. Fundi hufungua kifungo kwa ncha ya kisu, huyeyusha bati, huchomoa ile iliyokufa na kuchomelea nyingine aliyoitoa katika chombo kilichovunjwa. Mara nyingi ampuli hiyo imevaa kofia ndogo ya mpira ya rangi ya kijani au ya buluu. Kofia ndiyo inayotoa rangi. Ampuli yenyewe ni nyeupe. Fundi mwenye haraka huitupa kofia, na kesho mwenye gari anarudi kulalamika kwamba kifungo kimoja ni cheupe na vingine ni vya kijani.

Siku hizi wengi huomba LED, kwa sababu haili umeme mwingi na inadumu. Ni chaguo zuri kwa mwanga wa nyuma ya tablo, kwa masharti. LED ina upande wa chanya na upande wa hasi. Isipowaka, haijafa, igeuzwe kwanza. Na LED tupu, ile iliyobanduliwa kwenye redio mbovu, haiwezi kuchomelewa moja kwa moja katika gari. Yenyewe inahitaji volti karibu 3, wakati gari yenye moteri inayozunguka inatoa kama 14. Lazima iwekewe rezistansi mbele yake. Ya omu 560 inaifikisha kwenye miliamperi karibu 20, ambayo ni mwisho wa uwezo wake. Mafundi waangalifu huweka ya omu 1,000, mwanga unapungua kidogo na LED inaishi.

Kuna mahali pamoja ambapo LED inaweza kulaza gari njiani: taa nyekundu ya batri. Wengi wanadhani kazi yake ni kuonya tu. Katika magari mengi ya zamani, Mercedes za miaka ya 1980 zikiwa mfano mzuri, umeme unaopita katika ampuli hiyo ndio unaoiamsha alternateri, chombo kinachochaji batri. Ampuli ikiungua, alternateri inabaki imelala mpaka dereva akanyage sana, na pengine haiamki kabisa. LED inapitisha umeme kidogo mno kwa kazi hiyo. Basi mwenye gari ananunua batri mpya, inakufa. Anatengenezesha alternateri, bado. Na kisa chote ni ampuli ambayo bei yake haifikii ya chupa ya soda. Toyota nyingi za karibuni zina waya mwingine unaoiamsha alternateri, kwa hiyo hazishikwi na ugonjwa huu. Lakini fundi asiyeuliza gari ni ya aina gani kabla ya kuweka LED hapo anacheza na pesa ya mtu.

Taa zingine za onyo nazo si mapambo. Magari kadhaa madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto la moteri. Yana taa ya buluu moteri ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, basi. Mwenye taa nyekundu iliyoungua hupanda milima ya kati ya Butembo na Beni bila kujua kwamba maji ya radiateri yameisha, mpaka moteri isimame yenyewe. Wakati huo kichwa cha moteri kimeshapinda. Ni vivyo hivyo kwa taa ya oili na ile ya mafuta ya freni.

Kujua kama taa hizo ni nzima hakuhitaji fundi. Ufunguo uzungushwe bila kuwasha moteri: taa ya oili, ya batri na ya moteri lazima zionekane zote. Ile isiyoonekana ndiyo ya kutafuta.

Kipimo hiki kinamfaa sana anayenunua gari ya okazioni, maana kuna wauzaji wanaotoa ampuli kwa makusudi ili ubaya usionekane. Ujanja mbaya zaidi ni wa taa ya mfuko wa hewa, erbagi: waya wake unaungwa na wa taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja kama vile kila kitu ni kizima. Lakini kwa kawaida taa ya erbagi hujizimia baada ya sekunde chache, hata moteri ikiwa bado haijawashwa. Ya oili hungoja moteri iwake. Zikizimika kwa pamoja, mnunuzi arudishe pesa mfukoni kwanza.

Na tablo nzima ya okazioni, ile aliyoshauriwa dereva wetu? Nayo ina shida ambayo muuzaji haisemi. Katika magari mengi hesabu ya kilometa imetunzwa ndani ya tablo yenyewe. Kubadilisha tablo ni kuvaa kilometa za gari ya mtu mwingine. Siku ya kuuza, gari iliyotembea kilometa 300,000 inaonyesha 90,000, au kinyume chake, na mwenye gari hawezi tena kueleza ukweli akaaminika.

Kazi ya tablo ya teksi ile ilifanyika kwenye benchi la mbao kando ya barabara. Fundi alikata kwanza waya hasi wa batri na kungoja zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, kama Toyota inavyoagiza kwa sababu ya erbagi. Alifunga ncha ya turnevisi kwa kitambaa ili asikwaruze plastiki, akafungua misumari minne, akavuta tablo na kuchomoa nyaya. Mishale hakuigusa; ikivutwa, haionyeshi tena sawa. Ampuli tatu za mwanga zilikuwa zimeungua, na ya nne, ile ya taa ya oili, haikuwa imeungua: kikalio chake kilikuwa kitupu. Aliyeitoa, na lini, dereva hakujua. Fundi alijaza vikalio vyote vinne, akarudisha tablo na kuzungusha ufunguo. Taa ya oili ikawaka, moteri ilipoguruma ikazimika.

Jioni ile dereva aliteremka Kimemi bila telefone mkononi. Mshale wa mafuta ulikuwa chini kabisa, akasimama kwa kadafi wa kwanza kununua litri mbili.