Kijana anayetetea haki za wenzake atambuliwe vipi?



Wenyeji wa Busia na Tororo, kuanzia Lunyo hadi Malaba, wanaikumbuka Januari 2008. Fujo zilizuka Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na Wakenya wapatao 12,000 wakavuka mpaka kuingia Uganda. Baadhi yao walipokelewa na jamaa, maana Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Wengine walipelekwa kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo.

Watu wakikimbia usiku, mtoto huponyoka mkononi mwa mama. Akiokotwa na msamaria mwema atakula na atalala, lakini huenda jina lake lisiandikwe popote. Mara nyingi wanaomjua kwanza ni watoto wenzake, bombani na uwanjani. Kwa hiyo kijana anayewasikiliza watoto hao anafanya kazi ya haki za binadamu, hata kama hana cheo wala kitambulisho cha shirika.

Mfano tulio nao ni wa Baruani Ndume, kutoka Kongo. Alitengana na wazazi wake akiwa na umri wa miaka 7, akaishia kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996. Akiwa huko aliendesha kipindi cha watoto kiitwacho Sisi kwa Sisi, kilichorushwa na Radio Kwizera, kituo kilichoanzishwa mwaka 1995 huko Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Watoto walizungumza wenyewe juu ya maisha ya kambini, na waliopoteana na wazazi walieleza habari zao ili watu wao wawasikie, hata ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 2009, akiwa na miaka 16, alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto mjini The Hague, Uholanzi. Aliyemkabidhi ni Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Tuzo hii hutolewa na taasisi ya KidsRights tangu mwaka 2005, na ya kwanza ilitolewa kwa heshima ya Nkosi Johnson wa Afrika Kusini, mtoto aliyetetea wenye virusi vya UKIMWI hadi alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 12.

Sisi tunaona kwamba Baruani alitambuliwa kabla ya safari ya Uholanzi. Alitambuliwa siku watu wazima walipompa kipaza sauti na muda wa hewani. Kambini kwetu tumezoea kuwapa vijana fulana siku ya sherehe, wakacheza ngoma mbele ya wageni, kisha basi. Fulana hatuzikatai. Lakini kijana yule yule akija ofisini kesho yake na majina ya watoto watatu wasio na mzazi, je, anakaribishwa kiti au anaambiwa asubiri nje?

Hii si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba maoni ya mtoto yasikilizwe katika mambo yanayomhusu. Kifungu cha 22 kinataka mtoto mkimbizi asaidiwe kuwatafuta wazazi wake.

Hata hivyo vijana wenyewe wawe waangalifu. Habari zote za mtoto zikitangazwa, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzikariri na kuja kudai kwamba ni mwanawe. Ndiyo maana maofisa hubakiza jambo moja au mawili bila kuyatangaza, kwa mfano jina la utani la nyumbani au kovu, wapate kumpima anayejitokeza. Kijana asimkabidhi mtoto kwa mtu yeyote, hata kama mtoto anafurahi. Na picha ya mtoto isipigwe ovyo: wapo waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Kijana akimpata mtoto wa namna hii, amwulize polepole: majina ya wazazi, kijiji, chifu au shule ya karibu, na mahali alipowaona watu wake mara ya mwisho. Mtoto mdogo huenda asijue jina la wilaya, lakini atakumbuka mto, soko, au nyimbo za kanisani kwao. Yote hayo yaandikwe kama alivyoyasema, kwa lugha yake mwenyewe. Kisha karatasi ipelekwe ofisi ya huduma za jamii au kwa Msalaba Mwekundu. Huduma ya kutafuta ndugu ni bure. Anayedai malipo, ripoti habari zake UNHCR.