Usiifagie RAM ya Simu Yako

Kuanzia Makutano mjini Meru hadi stendi ya Embu, swali ni lilelile: "Mwalimu, apu gani nzuri ya kusafisha RAM?" Hakuna. Ulizonazo zifute.

Watu wanaamini RAM ikijaa simu inaugua, ikibaki tupu inapumua. Sivyo. Android huacha kwa makusudi apu ulizotoka zikae kwenye RAM. Nyingi huwa zimelala, hazigusi prosesa, na nafasi ikihitajika mfumo wenyewe huziondoa, zilizosahaulika kwanza. Apu ya kusafisha inapoziua zote, duara lake hugeuka kijani na mwenye simu akafurahi. Sasa afungue WhatsApp: nembo inasimama katikati ya kioo, prosesa inasoma kila kitu upya kutoka kwenye hifadhi, betri inaliwa. Ni kumwaga chai ya moto ili chupa iwe tupu, halafu kuwasha jiko mgeni akibisha hodi. Na msafishaji huyo naye amekaa humo humo kwenye RAM, akila bando lako kwa matangazo.

Usafi wa kweli una mwenyewe tangu zamani. Mwaka 1960 John McCarthy wa MIT alieleza jinsi lugha yake ya kuandikia programu, Lisp, inavyojisafisha: nafasi ikiisha, mkusanyaji taka hufuata kila kitu ambacho programu bado inakifikia, kisha hurudisha nafasi ya kilichobaki. Apu za Android zilizoandikwa kwa Java au Kotlin hutegemea mbinu hiyo hadi leo, na gharama yake imepimwa. Mwaka 2005 Matthew Hertz na Emery Berger walilinganisha programu za Java zenye mkusanyaji na zinazoachilia nafasi kwa amri ya wazi. Mkusanyaji akipewa nafasi mara 5 ya ile inayotumiwa na zinazoachilia kwa amri, kasi inalingana. Akipewa mara 3, programu inachelewa kwa asilimia 17. Akipewa mara 2, karibu asilimia 70, kwa sababu anaitwa kila mara kupitia vitu vilevile vilivyo hai.

Kwa hiyo kasi hununuliwa kwa nafasi. Utasema: basi niue nyingine, hii ipate nafasi! Haipati. Android huipimia kila apu kiwango cha juu cha nafasi inayosimamiwa na mkusanyaji, na kuua jirani hakukipandishi.

La kufanya ni hili. Futa video za WhatsApp. Hifadhi iliyojaa pomoni huikwamisha simu kweli. Ondoa apu usizotumia. Tumia matoleo mepesi kama Facebook Lite. Apu moja ikikwama, isimamishe hiyo peke yake kwenye Mipangilio. Simu nzima ikikwama, izime na kuiwasha. Ukinunua, lipia RAM halisi. Ile "ya ziada" inayoandikwa kwenye boksi huchotwa kwenye hifadhi, iliyo polepole zaidi. Na fundi akikuwekea apu ya kusafisha, aitoe kabla hujamlipa.