Ordinatere inajifunga yenyewe, na kilo za watu?

Kila asubui, mu depo moja ya madini karibu na Kolwezi, mambo ilikuwa namuna ileile. Mama mwenye kuandika kilo anafika saa 7, anaamusha ordinatere, anangoja. Anafungua Excel, anatafuta faili ya siku. Anafungua programu ya mizani, anangoja tena. Inje wachimbaji wako mu mustari na mifuko yao, wengine walikuwa mu shimo usiku muzima. «Mama, tupimie basi, jua inapanda!» Dakika kumi zinapita bure mbele mufuko wa kwanza uguse mizani.

Mutoto wa dada yake, mwenye kusoma informatike hapa Lubumbashi, akamwambia: «Mama mudogo, hii kazi ordinatere inaweza kuifanya yenyewe.» Akaketi, akaandika mistari tatu. Wanaita vile skripti.

Skripti ni karatasi ya maagizo, kama ile mukubwa wa ekipe anaachia watu wa zamu ya usiku: anza na hii, ngoja kidogo, kisha fanya ile. Faili za namuna hiyo zilikuwako tangu MS-DOS, mu 1981, na Windows ya leo ingali inazisoma. Hakuna kitu cha kununua. Unafungua Bloc-notes, unaandika, unaipa jina lenye kuishia na .bat:

start "" "D:\Depo\kilo.xlsx"
timeout /t 60
start "" "D:\Depo\mizani.exe"

Mustari wa kwanza unafungua faili, na Excel inakuja nayo. Wa pili ni kungoja sekunde 60, sababu ordinatere ya zamani, ukiiomba vitu mbili pamoja, inachoka. Wa tatu ni mizani. Musisahau zile alama mbili tupu nyuma ya start. Ukiziondoa, Windows inafikiri njia ya faili ni kichwa cha dirisha tu: inakupa dirisha nyeusi, na hakuna kingine. Kisha unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika shell:startup, na skripti unaiweka mu ile dosie yenye kufunguka. Kesho yake mama anaandika neno lake la siri, anaenda kununua chai, anarudia: kila kitu kiko wazi.

Kufungua, basi, haina magumu. Kufunga njo kunakula watu.

Kijana alifurahi na kazi yake, akataka kumalizia na mangaribi. Akaingia mu Planificateur de tâches, ile sehemu ya Windows yenye kushika saa, akaagiza kila siku saa 17:30:

taskkill /IM EXCEL.EXE /F

Wiki mbili, hakuna kelele. Kisha siku moja ya posho mustari wa watu ukawa murefu. Saa 17:30 mama alikuwa angali anaandika. Excel ikapotea mbele ya macho yake, bila kuuliza neno.

Ile F ya mwisho maana yake ni kulazimisha. Bila F, taskkill inaomba programu ijifunge. Excel, ikiona kuna kitu hakijashikwa, inauliza: nishike ao nisishike? Na F, hakuna swali. Ni sawa kuondoa mutu mu nyumba bila kumwachia hata nafasi ya kukamata viatu.

Excel inajiwekea kopi yake ya siri kila dakika kumi, kama hakuna mwenye alibadilisha hesabu ile. Mama alipofungua tena, akapata kopi, lakini ya nyuma. Mufano, dakika kumi ni nini? Pale, ilikuwa mifuko ya watu sita. Watano walikuwa na karatasi yao ndogo ya kilo. Wa sita, tata mumoja mwenye mifuko tatu, alikuwa angali anangoja yake. Ilikuwa feza ya minervali ya watoto. Wakapiga kelele mupaka giza. Mifuko mbili mama alizikumbuka vizuri, wakalipa. Ya tatu, mukubwa wa depo akasema: «Iko wapi mu ordinatere?»

Nilimuuliza kijana namuna alitengeneza kisha pale. Kwanza aliondoa F. Kisha akatafuta njia ingine na akaanguka mu shimo ingine: shutdown /s /t 600, yenye kuzima ordinatere nyuma ya dakika kumi. Ukiangalia, hakuna F. Lakini ukiweka hesabu kupita zero nyuma ya /t, Windows inaweka F yenyewe, mu kimya. Mwenye kuona haraka anaweza kuandika shutdown /a, na kuzima kunaachwa. Mwenye kuwa inje na mizani, haoni.

Kuna na mambo ya umeme, yenye sisi wa huku tunajua zaidi kuliko wale waliotengeneza Windows. Mu Planificateur, kila kazi mupya inakuja na sharti lenye kuwa limewekwa alama tayari: isianze kama ordinatere iko ku batri. Kwa ordinatere ya kubeba, umeme ukikatika saa 17, kazi ya 17:30 haifanyike. Na saa ikipita ordinatere ikiwa imezimwa, kazi ile haijirudilie, isipokuwa umeweka alama pahali pa kuomba ifanyike mara moja kisha kukosa saa. Alama zile mbili ni za kuangalia mbele ya kulaumu skripti.

Leo mu ile depo skripti ya asubui ingali inatumika, na mustari unaanza kutembea saa 7 na dakika mbili. Ya mangaribi haina saa tena. Iko picha ndogo ku kioo, mama anaibonyeza yeye mwenyewe, kisha kuhesabu mifuko pamoja na mutu wa mwisho na kumupa karatasi yake. Excel inauliza, anajibu ndiyo.

Yule tata anapitaka bado pale na mifuko yake. Akifika ku mizani, anasimama nyuma ya kiti ya mama, anaangalia kioo mupaka aone jina lake.