UTAFITI WA CHUO KIKUU WAMFAA NINI MKULIMA WA NDIZI?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jambo ninalotaka kulieleza liko mvunguni kweli, kwani wengi hulisikia redioni wakalipuuza. Ni habari ya pesa za serikali za kufanyia utafiti katika vyuo vikuu. Wengine husema ati utafiti ni wa maprofesa, sisi tunataka barabara! Hebu tuanzie kwenye mgomba.

Hapa Kisii na Nyamira migomba iko karibu kila boma. Tangu zamani mkulima huchimba chipukizi kwa jirani akalipanda kwake. Njia hii haina gharama, lakini chipukizi huweza kuja na fukusi na minyoo ya mizizi, yaani mtu hupanda ndizi pamoja na adui yake. Wataalamu walitafuta njia nyingine katika maabara. Hukata kipande kidogo cha kiini cha mgomba usio na ugonjwa, wakakikuza ndani ya chupa yenye chakula maalum mpaka kitoe miche mingi safi. Katika miaka ya 1990 shirika la KARI liliwapelekea wakulima wa Kenya miche ya namna hiyo, na wafadhili wa nje waligharimia sehemu ya kazi.

Lakini mche safi si kinga ya kila kitu. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka wa 2001, ukaingia magharibi mwa Kenya mwaka wa 2006. Hauna dawa ya kunyunyiza. Watafiti waligundua kuwa wadudu kama nyuki huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na panga pia huusambaza. Basi wakashauri hivi: chana la mwisho likishatokea, vunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, na panga lipitishwe motoni kabla ya kukata mgomba mwingine. Mbona rahisi hivyo? Kijiti hakiuzwi dukani. Kilichogharimu ni kujua.

Ujuzi huo ukifungiwa kabatini chuoni, mkulima hapati kitu. Afisa wa kilimo anapaswa kuufikisha shambani, na mkulima naye amrudishie mtafiti habari za yale yaliyokataa. Hapa kwetu hatuna umbali wa kusingizia. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake mwaka wa 2013, na KALRO, shirika lililorithi kazi ya KARI, lina kituo papa hapa Kisii.

Sasa pesa zatoka wapi? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 ilianzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti. Watafiti huandika maombi, wataalamu wakayapima, na yaliyo bora yakapewa pesa. Sheria inasema Hazina ipewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa, yaani shilingi 2 katika kila 100. Kinachotolewa ni kidogo mno kuliko hicho. Kwa hivyo mtafiti hungojea mfadhili wa ng'ambo, na mwenye pesa ndiye mwenye kuchagua swali. Huenda ana nia njema, lakini je, atajua shida ya mkulima wa Keroka au Nyansiongo?

Najua kuna atakayeuliza, "Na hospitali zisizo na dawa?" Ni kweli, pesa hazitoshi. Lakini mnyauko unaweza kumaliza shamba zima, na ni ndizi hizo hizo zinazowalipia wengi wetu karo. Anayengojea ugonjwa ufike ndipo atafute mtaalamu, amechelewa.

Wanafunzi wenzangu, mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Utafiti usio na pesa ni mgomba wa changaraweni. Tukija kuwa wapiga kura, tuwaulize wabunge wetu: zile shilingi 2 ziko wapi?