Mamba Mwenye Pembe wa Olduvai

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za mamba mwenye pembe. Huyu si wa ngano. Aliishi Olduvai, kule Ngorongoro, yapata miaka milioni 1.84 iliyopita, enzi ambazo penye korongo kavu la leo palikuwa na ziwa.

Watafiti waliokota masalia yake juu ya ardhi, si mbali na mahali mtafiti Mary Leakey alipolikuta fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus mwaka 1959. Hakuwa mzima: sehemu ya fuvu na baadhi ya mifupa ya mwili, basi. Umri wake ulijulikana kwa majivu ya volkano yaliyolala chini na juu ya tabaka lake, kwani majivu hayo hupimika.

Sasa mtaniuliza, vipande tu vinatuambiaje kwamba huyu si mamba wa Nile, yule anayeota jua Rufiji hadi leo? Mpeni mfinyanzi kigae cha tumbo la chungu, hatakuwa na mengi ya kusema. Mpeni kigae cha mdomo, atawaeleza chungu chote. Fuvu la mamba nalo lina sehemu zake zenye maneno mengi, na mojawapo ni kona za utosi kwa nyuma, juu ya masikio. Za huyu ziliinuka na kuchongoka pembetatu, kama pembe. Pua yake nayo ilikuwa nene, kutoka juu hadi chini.

Lakini fuvu moja la ajabu halitoshi. Huenda ni mamba mmoja tu aliyezaliwa hivyo! Ndiyo maana watafiti walirudi kwenye mifupa ya mamba iliyokusanywa Olduvai miaka ya nyuma, wakailinganisha, wakaona ni ya mamba wa aina ile ile. Hapo ndipo mimi hufurahi zaidi: jibu lilikuwa limeshaokotwa zamani, likingoja mtu wa kuliuliza swali.

Pembe zenyewe pia zingeweza kuwapotosha. Madagaska aliwahi kuishi mamba mwingine mwenye pembe, Voay robustus, naye ametoweka. Je, ni ndugu? Walipochunguza mfupa kwa mfupa, alama nyingine za ukoo wa Voay hawakuziona. Waliona zile za ukoo wa Crocodylus, ambao mamba wa Nile ni mmoja wao. Mwaka 2010 Christopher Brochu, Mtanzania Jackson Njau na wenzao wakamtangaza kuwa spishi mpya: Crocodylus anthropophagus, yaani mamba mla watu.

Jina zito hilo lilitokana na mifupa mingine. Kabla ya hapo Njau na mtafiti mwenzake Robert Blumenschine waliwalisha mamba wa kufugwa, kisha wakaichunguza mifupa iliyobaki. Jino la mamba lina kingo kali. Likizama mfupani, huweza kuacha kishimo kilichogawanywa na mstari katikati. Na mamba hatafuni kama fisi, hurarua akameza. Alama za namna hiyo zipo kwenye mifupa ya mguu ya zamadamu wa Olduvai.

Kwa hiyo naliona jina hilo lina haki, ila msilichukulie kupita kiasi. Alama zinasema mamba aliwala zamadamu hao. Hazisemi kama aliwakamata wakija kunywa maji, au aliwakuta wameshakufa.